Vivutio vya Mikindani hadi Kilambo: Bidhaa ipo, mnunuzi hajapimwa

Msimu wa korosho unapokwisha mkoani Mtwara, fedha huanza kutafuta mahali pa kulala. Mkulima aliyelipwa, mwenye lori aliyesomba magunia, mwenye duka aliyeuza mabati na saruji, kila mmoja hubaki na kiasi fulani mkononi. Ushauri wanaoupata ni ule ule wa kila mwaka: jenga gesti, watalii wanakuja.

Ushauri huo ni kweli nusu. Vivutio vipo, na vingine havina mfano katika mwambao wote wa Tanzania. Nusu ya pili ndiyo inayowaumiza watu, kwani bidhaa kuwapo sokoni si sawa na bidhaa hiyo kuwa na mnunuzi. Mwenye mtaji mdogo anayejenga vyumba kumi kwa kumtegemea mgeni wa Ulaya katika pwani hii amenunua bidhaa kabla ya kujua nani ataichukua. Kwa hali ilivyo, fedha ndogo iwekwe katika vitu vinavyoweza kufanya kazi nyingine siku mgeni asipotokea, na mnunuzi wa kwanza kufikiriwa awe Mtanzania.

BIDHAA ILIYOPO

Kwanza itazamwe ghala lina nini. Kilomita kama 10 kutoka Mtwara mjini upo mji mkongwe wa Mikindani, bandari ya majahazi iliyokuwapo karne nyingi kabla ya Mtwara yenyewe. Nyumba za mawe ya matumbawe bado zipo, nyingine zikiwa na milango ya nakshi na nyingine zikiwa magofu. Juu ya kilima limesimama Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1895, ambalo shirika la hisani la Uingereza, Trade Aid, lilianza kulikarabati miaka ya 1990 na kuligeuza hoteli.

Mikindani ina hadithi inayouzika pia. Mwaka 1866 Dk. David Livingstone alifika pwani hii akianza safari yake ya mwisho barani Afrika. Alijaribu kwanza kuingilia mlango wa Mto Ruvuma, mto aliokwisha kuupanda mwaka 1861 na 1862. Mikoko na matope vikamzuia kushusha wanyama na mizigo yake, akarudi kaskazini na kushukia Mikindani. Mgeni anayesoma habari za Livingstone huko kwao atalipa kuonyeshwa mahali hapo, mradi yuko mtu wa kumweleza vizuri.

Mtwara mjini lipo Kanisa la Mtakatifu Paulo, Majengo, ambalo kuta zake zimejaa picha kubwa za visa vya Biblia zilizochorwa na Padre Polycarp Uehlein. Ng'ambo ya ghuba ipo Msangamkuu, ambako watu wa mjini huvuka siku za sikukuu kwenda kuogelea.

Upande wa mashariki, kama kilomita 45 kutoka mjini, ni Msimbati. Ufukwe wake ni mrefu na mchanga wake ni mgumu kiasi cha gari kupita maji yanapokupwa. Hapo ndipo Mwingereza Latham Leslie-Moore, katika miaka ya mwisho ya ukoloni, alipojitangazia uhuru wa Msimbati kana kwamba ni nchi yake. Eneo lote hilo limo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 na yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 650, baharini na nchi kavu. Ndani yake mna matumbawe, mikoko na kasa wanaotaga pwani. Katika miezi ya kusi na baada yake, nyangumi hupita.

Kusini ya hapo ni Kilambo na mto wenyewe. Kabla ya Daraja la Umoja kufunguliwa mwaka 2010 huko Mtambaswala, zaidi ya kilomita 200 kuelekea magharibi, aliyetaka kuingia Msumbiji kwa gari kutoka pwani alitegemea kivuko cha Kilambo. Hata leo ratiba ya kuvuka hapa huamuliwa na bamvua na kina cha maji kuliko saa ya ukutani. Mtoni wamo viboko na mamba. Ng'ambo, karibu na mlango wa mto, ipo Kionga, kipande cha ardhi ambacho Wajerumani walikitwaa mwaka 1894, Wareno wakakichukua mwaka 1916, na mkataba wa amani wa mwaka 1919 ukakiacha mikononi mwa Wareno. Sehemu za mto zenye historia ya namna hiyo ni chache.

Mwenye siku ya ziada hupanda uwanda wa Makonde hadi Newala, akatazama bonde la Ruvuma kutoka Shimo la Mungu, na njiani akaona wachonga vinyago katika nchi ambayo sanaa hiyo imechukua jina lake.

Hiyo ndiyo orodha. Ni siku nne au tano za kutembea bila kurudia mahali, na ubora wa bidhaa hauna mashaka.

MITAJI ILIYOZIKWA

Kabla ya kuuliza mnunuzi ni nani, inafaa kukumbuka kwamba Mtwara imekwisha kuzika mitaji mara mbili kwa sababu moja: kujenga kwanza na kumsubiri mnunuzi baadaye.

Mara ya kwanza ilikuwa mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza mwaka 1947. Ulitakiwa kulima karanga katika maeneo makubwa ya Tanganyika, Nachingwea ikiwa mojawapo. Kwa ajili yake ikajengwa bandari ya kina kirefu Mtwara pamoja na reli ya kwenda bara. Mpango ukavunjwa mwaka 1951 baada ya kula takriban pauni milioni 36. Bandari ilibaki, na hadi leo inapitisha korosho na mizigo mingine, kwa sababu bandari haichagui zao. Reli iliyotegemea karanga haikupata mzigo wa kutosha, ikang'olewa miaka ya 1960. Mtaji ulikuwa wa mradi mmoja. Sehemu iliyoweza kubadili kazi ikapona, na isiyoweza ikafa.

Mara ya pili ilikuwa gesi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982, lakini ugunduzi mkubwa wa baharini uliofuata mwaka 2010 ndio uliowasha moto wa matumaini. Viwanja vikapanda bei, nyumba za wageni zikaota kila mtaa, na wenye nyumba wakaanza kuwaza wapangaji wa kigeni. Serikali ilipoamua gesi isafirishwe kwa bomba hadi Dar es Salaam, wananchi wakaandamana, na mwezi Januari na Mei 2013 mji ukaingia katika ghasia zilizogharimu maisha na mali. Bomba hilo la zaidi ya kilomita 500 likazinduliwa mwaka 2015. Wataalamu wa ujenzi wakaondoka, na mwenye vyumba vya bei ya mgeni akajikuta anapangisha kwa bei ya mwanafunzi au hapangishi kabisa.

Yaliyowapata wenye vyumba hivyo hayakutokana na uvivu wala ujinga. Walisoma habari za gesi kwa usahihi, wakakosea kusoma habari za mnunuzi. Utalii unaweza kurudia kosa hilo kwa mara ya tatu.

MSTARI WA KILOMITA 20

Mnunuzi wa kigeni huamuliwa na mambo mawili ambayo mwenye gesti hana uwezo nayo: ushauri wa usalama wa serikali yake na masharti ya bima yake.

Uasi ulianza katika jimbo la Cabo Delgado, Msumbiji, mwezi Oktoba 2017. Oktoba 2020 wapiganaji walivuka Ruvuma na kushambulia kijiji cha Kitaya mkoani Mtwara. Machi 2021 walishambulia mji wa Palma, jirani na mradi wa gesi wa kampuni ya TotalEnergies, na mwezi uliofuata mradi huo ukasimamishwa. Majeshi ya Rwanda na ya nchi za SADC yaliingia Msumbiji mwaka 2021, na yale ya SADC yaliondoka mwaka 2024. Kutokana na hali hiyo, Uingereza ilitoa ushauri kwa raia wake wasiende bila sababu ya lazima katika eneo lililo ndani ya kilomita 20 kutoka mpaka wa Tanzania na Cabo Delgado.

Mwenye ramani na rula aupime mstari huo. Mikindani na Mtwara mjini vinabaki nje yake. Msimbati, Ruvula na Kilambo vinaingia ndani. Kampuni nyingi za bima hazimlipi msafiri aliyekwenda mahali ambapo serikali yake imemshauri asiende, na wakala wa safari wa London hatathubutu kumpeleka mteja huko. Mwananchi wa Msimbati anaweza kusema, na kwa haki, kwamba kijijini kwake watu wanalala salama. Soko halisikilizi hoja hiyo. Linasikiliza karatasi ya bima.

Kwa hiyo ghala moja limegawanyika mara mbili. Mikindani ni bidhaa inayoweza kuuzwa nje. Msimbati na Kilambo, mpaka ushauri wa namna hiyo ubadilike, ni bidhaa ya soko la ndani. Anayejenga kibanda cha kifahari Ruvula kwa ajili ya Mzungu hajatazama mstari unapopita. Ushauri wa serikali za nje hubadilika, na kila mwekezaji ausome upya kabla ya kutoa shilingi yake.

MNUNUZI ALIYEPO

Je, soko la ndani lina nguvu ya kununua? Wengi hulidharau kwa kuwa halilipi kwa dola. Mfano wa mbali unasaidia hapa. Okinawa, visiwa vya joto vilivyo kusini kabisa mwa Japani, ni pwani yenye matumbawe, mikoko na ngome za kale. Vilirudishwa kwa Japani mwaka 1972 baada ya kuwa chini ya Marekani tangu vita. Mwaka 1975 serikali ikafanya huko maonyesho makubwa ya bahari, uwanja wake ukageuzwa bustani, na mwaka 2002 likafunguliwa hapo jumba la samaki la Churaumi ambalo leo linajulikana duniani. Ngome ya Shuri ilipoungua mwaka 2019, wenyeji hawakufunga mlango, bali waliwaonyesha wageni kazi ya kuijenga upya.

Pamoja na sifa zote hizo, wageni walio wengi wa Okinawa hutoka Japani kwenyewe. Mwaka 2020 mipaka ilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, mgeni wa nje alitoweka na aliyebaki kununua alikuwa Mjapani. Soko la ndani ndilo sakafu, na la nje huongezwa juu yake. Mtwara imekuwa ikijaribu kuezeka paa kabla ya kujenga sakafu.

Na sakafu ipo. Kuanzia Oktoba, minada ya korosho huleta wanunuzi, makarani wa maghala, watu wa benki na madereva wa malori, ambao hukaa wiki kadhaa na Jumapili hawana la kufanya. Bandari na mitambo ya gesi ina wafanyakazi wenye mshahara wa kila mwezi. Mtwara ina vyuo, pamoja na Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris, na shule ambazo walimu wake hutafuta mahali pa kupeleka wanafunzi. Kila Krismasi na kila Idi wenyeji waliohamia Dar es Salaam hurudi nyumbani na watoto ambao hawajaiona Ruvuma. Halafu kuna semina na mikutano, ambayo washiriki wake hulipwa posho, na posho hutumika.

Watu hao hawahitaji chumba cha shilingi laki mbili. Wanahitaji usafiri wa uhakika wa kwenda na kurudi siku moja, pweza na samaki wa kuchoma walioandaliwa kwa usafi, kivuli, choo kinachofungika, maji ya kunawa chumvi, na mtu wa kuwaeleza wanachokiona. Siku ya sikukuu, anayekwenda Msimbati akakosa hata kimoja cha hivyo hurudi mjini na fedha yake mfukoni.

HESABU YA MEZANI

Uchukuliwe mfano, ambao ni mfano tu. Mtu anajenga gesti ya vyumba 10 kwa shilingi milioni 150 na kutoza 25,000 kwa usiku. Kwa mwaka ana usiku 3,650 wa kuuza. Akiuza viwili katika kila kumi, ni usiku 730, yaani shilingi 18,250,000. Mlinzi, mfagizi, umeme, maji, leseni na ushuru vikichukua nusu, anabakiwa na 9,125,000. Kwa kasi hiyo mtaji unarudi baada ya miaka 16 na zaidi, bila kuhesabu riba ya benki. Akiuza vitano katika kila kumi kwa gharama za uwiano ule ule, mtaji unarudi katika miaka sita na nusu. Tofauti ya miaka kumi yote inategemea kitu kimoja asichokidhibiti: idadi ya wageni.

Mwingine ananunua mashua yenye injini kwa shilingi milioni 12. Siku 60 kwa mwaka, za sikukuu na mwisho wa wiki, anaikodisha kwa watembezi kwa 100,000 kwa siku. Ni milioni 6. Mafuta na mabaharia wakichukua nusu, zinabaki milioni 3, na mtaji unarudi kwa miaka minne kwa watembezi peke yao. Siku 300 zilizobaki mashua inabeba samaki, mizigo na abiria. Biashara ya watembezi ikifa kabisa, mashua inauzwa Kilwa au Mafia. Gesti haihamishwi.

MTAJI UENDE WAPI

Kwa kipimo hicho, mambo manne yanaonekana kufaa kwa mwenye fedha kidogo. La kwanza ni usafiri: mashua au gari dogo la abiria ambalo siku za kawaida lina kazi nyingine. Chombo cha abiria kinahitaji kukaguliwa na TASAC na kuwa na jaketi za kuokolea maisha, na gharama hiyo isikwepwe, kwani ajali moja itaua soko zima. La pili ni chakula. Jokofu, jiko na meza za mama lishe hodari vinalipa msimu wa korosho na nje ya msimu pia. La tatu ni uongozaji wageni. Kijana wa Mikindani anayejua historia ya mji wake kwa tarehe na majina anahitaji viatu, kitambulisho na Kiingereza cha kutosha. Huu ndio mtaji mdogo kuliko yote, na ndio unaomfikia hata mgeni wa nje kwa kuwa Mikindani iko nje ya mstari. La nne ni chumba kimoja au viwili katika nyumba ambayo mwenyewe anaishi, ambavyo vikikosa mgeni vinapata mpangaji.

Wapo watakaosema kwamba bila vitanda vya kutosha hakuna kampuni ya safari itakayoitazama Mtwara, na kwamba gesi ya Msumbiji italeta watu. Hoja hizo zina uzito, lakini zinamfaa mwenye mtaji mkubwa anayeweza kungoja miaka kumi. Mwenye fedha ya korosho za msimu mmoja hawezi kungoja, kwa sababu fedha hiyo hiyo ndiyo itanunua salfa ya msimu ujao na kulipa ada ya mtoto.

HATARI ZINAZOBAKI

Hata mpango huu una hatari zake. Barabara ya kutoka Dar es Salaam, yenye kilomita zaidi ya 500, imekuwa bora sana tangu Daraja la Mkapa lifunguliwe katika Mto Rufiji mwaka 2003, lakini Mei 2024 mvua za Kimbunga Hidaya zilibomoa madaraja upande wa Kilwa na kuukata mkoa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Kusi ikivuma kwa nguvu mashua hazitoki. Ndani ya hifadhi kila shughuli ina kibali na kiingilio chake, na anayeanza kazi bila kibali ataifunga kabla haijaanza. Na matumbawe yakivunjwa kwa baruti, kama ilivyotokea miaka iliyopita katika pwani hii, hakuna bidhaa ya kuuza.

Halmashauri nazo zina deni. Bango linaloonyesha njia ya Msimbati, vyoo vya umma ufukweni, na ratiba ya maji kujaa na kupwa inayobandikwa kituo cha basi kwa ajili ya wanaokwenda Kilambo si miradi ya mabilioni. Kabla ya kuwahimiza wananchi wajenge, zingeanza na hayo.

Kwa msimu huu, basi, mwelekeo kwa wenye mitaji midogo ni huu: vyumba vipya kwa kutegemea watalii, subiri. Mashua, chakula na uongozaji, anza kwa kiasi, na uanze kabla ya Krismasi. Mwenye kiwanja Msimbati asikiuze kwa woga wala asikijenge kwa pupa. Apande minazi, aweke kivuli na maji, na ahesabu wanaosimama hapo mwaka mzima. Hesabu hiyo ndiyo itakayomwambia kama wakati wa kujenga umefika.